Uzi: Namna ya kutoa picha kali ya protini kwenye brauza hadi ifae kuchapwa kwenye bango kubwa

SatoWaZiwa (mleta mada)

Wakuu salaam, wa Mwanza na wa kwingineko.

Tuna kikundi kidogo cha kujitolea, tunaandaa bango la elimu ya selimundu kwa ajili ya 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ugonjwa huu hauhitaji utangulizi. Wengi wetu tuna mtoto kwenye ukoo ambaye baridi ikizidi usiku mnaanza kutafuta usafiri wa kupandisha hospitali ya Bugando.

Bango ni la A0. Katikati nataka picha ya himoglobini yenyewe, ile yenye kasoro ya selimundu. Sitaki duara jekundu la kuchora kwa mkono, nataka muundo halisi uliopimwa maabara. Nimeupata kwenye PDB, hifadhi ya dunia ya miundo ya protini, kwa namba 2HBS na unafunguka kwenye brauza bila shida. Ukiuzungusha unaona minyororo yote, hadi zile himu zenye chuma, zinazobeba oksijeni.

Shida ni kuitoa. Nikipiga skrinshoti na kuiweka kwenye bango, kingo zinakuwa na meno na picha inafifia. Laptopu ni ya RAM 4 GB, skrini 1366×768. Kusakinisha programu nzito naogopa mashine itagoma. Kuna njia ya kutoa picha kubwa humohumo kwenye brauza? Msaada wenu tafadhali.

KirumbaKwetu

Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa, nami nina kazi kama hiyo.

Mchapakazi_Igoma

Mkuu mbona rahisi. Piga skrinshoti, ipeleke kwenye tovuti za akili mnemba za kukuza picha, inarudi kubwa mara nne. Mimi picha zote za bosi nafanya hivyo.

JiweLaBismarck

Mchapakazi, kwa picha ya harusi sina neno. Kwa molekuli tafadhali msifanye, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia hiihii 2HBS ya mleta mada.

Ndani ya faili hilo kuna himoglobini mbili zimesimama pamoja, kila moja ina minyororo minne, jumla minane. Ugonjwa wote wa selimundu umejificha kwenye kona moja ndogo. Kwenye mnyororo wa beta, asidi amino ya 6 ilitakiwa kuwa glutamati, imekuwa valini. Valini haipendi maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inajichomeka kwenye kishimo kilichoko juu ya himoglobini ya jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Jirani naye anashikana na mwingine, nyuzi ndefu zinajengeka, seli nyekundu inakunjika na kuwa kama mundu.

Sasa hicho kishimo kwenye skrinshoti yako ya laptopu kina pikseli chache mno. Programu ya akili mnemba haijui kemia. Inabuni kingo zinazopendeza macho. Itakupa umbo laini pale ambapo atomu zinagusana kwa namna maalumu, na wewe utasimama mbele ya wazazi na wanafunzi ukiwaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekipima. Kwenye majarida ya sayansi hilo linaweza kukurudishia andiko.

Na habari njema ni kwamba huna haja nayo kabisa. Kile unachokiona kwenye brauza hakikuhifadhiwa popote kama picha. Ni orodha ya atomu na mahali zilipo, na brauza kupitia WebGL, teknolojia yake ya kuchora 3D, inaichora upya kila unapoigusa. Ina pikseli chache kwa sababu tu imeambiwa ijae ndani ya dirisha lako. Kwa hiyo usiikuze ikishatoka. Iambie ichore upya ikiwa kubwa, kwenye turubai lisiloonekana, halafu ikupe faili. Kukuza skrinshoti ni kuongeza maji kwenye sufuria, nyama haijaongezeka.

Anza na karatasi, ndipo uende kwenye mashine. A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Chukulia picha yako itakuwa na upana wa sentimita 40, yaani inchi 15.75. Bango linasomwa mtu akiwa amesimama hatua moja au mbili, kwa hiyo nukta 150 kwa inchi zinatosha na 200 ni nzuri sana:

15.75 × 150 = pikseli 2362
15.75 × 200 = pikseli 3150

Skrini yako ina 1366 kwa upana wote, na ukitoa paneli za pembeni za kitazamaji, eneo la kuchorea linaweza kubaki kama 900 hivi. Gawanya kwa 15.75 unapata nukta 57 kwa inchi. Hapo ndipo meno yanapotoka. Laptopu yako haina kosa.

Njia yenyewe. Fungua 2HBS kwenye Mol*, ndicho kitazamaji kinachotumika kwenye RCSB na PDBe, tovuti za hifadhi ya PDB, au nenda molstar.org moja kwa moja. Upande wa kulia juu kuna alama inayofanana na mlango wa lenzi ya kamera. Ibonyeze, paneli ya picha inafunguka na picha ndogo ya majaribio. Kwenye "Resolution" utaona machaguo: ukubwa wa dirisha lako, HD, Full HD, Ultra HD na ule wa kujipangia. Ultra HD ni 3840×2160. Ukitaka mandharinyuma yasiwe na rangi, washa "Transparent". Kisha pakua, inatoka PNG.

Angalizo moja ambalo watu wengi hawalioni. Kuna kitufe cha kukata kingo tupu. Kinasaidia, ila kinakula pikseli ulizoomba. Ukichagua 3840×2160 na molekuli yako ni ya mviringo, itajaa kimo tu, na ikishakatwa pande zote mbili unabaki na picha ya kama 2160 kwa 2160 au pungufu. Kwa 2HBS una bahati, himoglobini mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinafanya umbo refu. Ilaze kwa mlalo kabla ya kutoa, ijaze upana. Ikijaa vizuri unakaribia 3840, ambayo kwa sentimita 40 ni nukta 240 na zaidi kwa inchi. Hiyo ni picha ya kujivunia.

KirumbaKwetu

Hapo kwenye kukatwa kingo nimepata kitu. Shukrani mkuu.

SatoWaZiwa

Mkuu JiweLaBismarck, Mungu akuzidishie. Full HD imetoka safi. Nikiweka Ultra HD, ukurasa unatulia kidogo halafu eneo lote linakuwa jeusi na inabidi nianze upya. Ni laptopu imeshindwa?

JiweLaBismarck

Imezidiwa kumbukumbu. 3840×2160 ni pikseli milioni 8.3, na kila moja inachukua baiti 4, kwa hiyo tabaka moja tu ni megabaiti 33. Lakini mchoro hautengenezwi kwa tabaka moja. Kuna la rangi, la kina, la vivuli, na la kulainisha kingo ambalo linachora tukio hilohilo mara kadhaa na kuchukua wastani. Kwenye mashine ambayo kadi ya michoro inakopa RAM ileile ya 4 GB, brauza inaamua kukata uhusiano na kadi. Ndio weusi huo.

Kabla ya yote hifadhi kazi yako. Kwenye paneli hiyohiyo ya picha kuna sehemu ya kuhifadhi hali ya kazi. Chagua faili la .molx, linabeba muundo na kila ulichopanga: rangi, pembe ya kamera, maumbo. Lile la .molj linabeba maelekezo tu, data inabidi ivutwe upya mtandaoni. Kwa maeneo yetu ambayo umeme unakatika saa yoyote na bando linaisha, .molx ndiyo ya kutunza. Ukifungua kesho, kamera iko palepale ulipoiacha.

Halafu funga tabo zote nyingine, funga brauza kabisa, ifungue upya na uweke .molx yako peke yake. Kama umeweka umbo la uso mzima wa protini juu ya utepe (ule mchoro wa mnyororo kama riboni), bakiza moja. Zima vivuli vya kina kama hauvihitaji. Hakikisha pia matumizi ya kadi ya michoro hayajazimwa kwenye mipangilio ya brauza. Kwenye Chrome andika chrome://gpu usome mstari wa WebGL. Ukiona inachora kwa programu tu badala ya kadi, kazi yote inafanywa na prosesa, nayo itateseka.

Ikigoma bado, chagua ukubwa wa kujipangia na upande taratibu: 2400, kisha 2800. Kumbuka hesabu yetu, 2362 zinakutosha kwa nukta 150. Hulazimiki kufika 3840.

BandariKusini

Naomba niongezee kwa upande wa kuchapa, maana niko kwenye kazi hiyo hapa mjini na mabango ya wanafunzi tunayapokea kila msimu wa maonyesho.

Picha zinazofika kwetu zikiwa mbovu, mara nyingi hazikuharibikia kwenye kompyuta ya mwenye kazi. Zimeharibikia njiani. Mtu anatengeneza PNG nzuri kabisa halafu anaituma WhatsApp kama picha. Inabanwa, inageuzwa JPEG, ukubwa unapunguzwa. Tuma kama dokumenti, au njoo na flashi. Ndugu zangu, flashi bado ni rafiki.

La pili ni Word na PowerPoint. Ukiweka picha humo na kuhifadhi, programu yenyewe inaweza kuipunguza kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya hali ya juu, tafuta sehemu ya ubora wa picha, weka alama ya kuikataza isibane picha kwenye faili hilo. Fanya hivyo kabla hujaweka picha ya kwanza. Halafu utuletee PDF. Ukileta PowerPoint, fonti zinaweza kuhama kwenye mashine yetu.

La tatu ni rangi. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi. Kijani kile cha kuwaka na buluu ya umeme ambavyo vitazamaji vya molekuli vinapenda kuvitumia, kwenye CMYK, yaani wino nne za kuchapia, vinazimika na kuwa vya udongo. Wateja wanadhani tumebania wino. Chagua rangi tulivu tangu kwenye kitazamaji: nyekundu ya matofali, buluu ya bahari, haradali, kijivu. Na uombe kipande cha majaribio cha ukubwa wa A4 chenye sehemu ya picha kwa ukubwa wake halisi, kabla hatujachapa A0 nzima. Kwa duka lolote lenye nia njema hilo si tatizo.

Mwisho, ule ukungu. Picha nyingi za protini zinakuja na ukungu sehemu ya nyuma. Kwenye skrini unaleta hisia ya kina, kwenye karatasi unaonekana kama vumbi au wino umeisha. Upunguze au uzime.

JiweLaBismarck

BandariKusini umemaliza kabisa hapo kwenye WhatsApp. Ukungu kwenye Mol* unazimwa kwenye mipangilio yake. Na kuna mtindo wa haraka unaoitwa "Illustrative", unaweka rangi bapa na mstari mweusi kuzunguka maumbo. Kwa bango naupenda kuliko ule wa kung'aa, kwa sababu hautegemei mng'ao ambao wino hauwezi kuubeba.

Mwananyanzala

Mnaongelea Mol* tu. Sisi chuoni ukurasa wetu wa mazoezi unatumia kitazamaji kingine, NGL, na mwingine 3Dmol.js. Nikibofya kulia na kuhifadhi picha napata weupe mtupu. Kwa nini?

JiweLaBismarck

Kwa sababu ya jinsi WebGL inavyotunza mchoro. Ikishaonyesha fremu moja kwenye skrini, ina ruhusa ya kuifuta kwenye kumbukumbu ili kuokoa nafasi. Ukija kuiomba baadaye inakupa turubai tupu. Kwa hiyo picha inatakiwa iombwe kupitia kitazamaji chenyewe, ambacho kitachora na kunakili papo hapo.

Kwa NGL fungua konsoli ya brauza kwa F12, na kama ukurasa wako umeliacha jukwaa wazi kwa jina la stage, andika:

stage.makeImage({ factor: 4, antialias: true, trim: true, transparent: true }).then(b => NGL.download(b, "himoglobini.png"))

Hiyo factor ni mara ngapi uikuze kuliko dirisha. Uzuri wa NGL ni kwamba inachora vipande vipande na kuviunganisha, kwa hiyo mashine ndogo inaweza kufika mbali kuliko unavyotegemea.

3Dmol.js ina pngURI(), lakini inakupa turubai kwa ukubwa lililonao. Ukitaka kubwa, kuza kwanza kisanduku kinacholibeba, uite resize() na render(), ndipo uombe picha.

Wanaotumia kitazamaji cha iCn3D cha NCBI, angalieni menyu ya kuhifadhi faili, kuna machaguo ya PNG ya kukuza mara kadhaa.

Na kwa ukurasa wowote usio na chaguo la ukubwa kuna njia ya mlango wa nyuma. Kwenye Chrome bonyeza F12, washa ile alama ya simu na kishikwambi, weka ukubwa wa 1200×1200, na kwenye vile vidoti vitatu ongeza kipimo cha msongamano wa pikseli, weka 3. Pakia ukurasa upya. Kitazamaji sasa kinaamini kiko kwenye skrini yenye msongamano mara tatu, na vingi vitachora 3600×3600 kweli. Kisha kwenye vidoti vilevile chagua kupiga picha ya skrini.

Ila kukuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hakusaidii. Msongamano unapanda na eneo linapungua kwa kiasi hichohicho, pikseli unabaki nazo zilezile.

Mwalimu_Ukerewe

Habari zenu wote. Mimi ni mwalimu wa Biolojia huku Ukerewe, nafuatilia uzi huu kwa simu. Sina laptopu ya kwangu, ya shule iko ofisini na tunapokezana. Naomba kuuliza, simu inaweza kazi hii? Nataka picha ya ukubwa wa A4 tu ya kubandika darasani, wanafunzi waone kwamba badiliko la asidi amino moja linatosha kuleta ugonjwa mzima.

JiweLaBismarck

Mwalimu, karibu sana, na inawezekana. Simu nyingi za siku hizi, hata za bei ya kawaida, zina skrini ya 720×1600 au 1080×2400. Hiyo ya pili ina pikseli nyingi kuliko laptopu ya mleta mada mara mbili na zaidi. Mol* inafunguka kwenye Chrome ya simu na ile paneli ya picha ipo. Lalisha simu upate nafasi.

A4 kwa nukta 300 ni 2480×3508. Kwa ukutani darasani nukta 200 zinatosha, na picha yako ikichukua upana wa sentimita 17 unahitaji pikseli 1340 hivi. Full HD itakufaa, ilimradi molekuli ijae upana.

Kuhusu bando, usiwe na hofu. Faili la 2HBS si kubwa, tovuti hizi zinatuma muundo kwa fomati ya BinaryCIF iliyobanwa. Kinachokula zaidi ni kitazamaji chenyewe mara ya kwanza.

Kwa somo lako ningeshauri hivi: minyororo yote iwe utepe wenye rangi tulivu mbili, beta rangi moja na alfa nyingine. Kisha valini ya 6 inayogusana na jirani iwe mipira mikubwa ya rangi moja kali, na fenilalanini 85 na leusini 88 za jirani ziwe vijiti. Angalia ni valini ipi, kwa sababu si zote zilizo kwenye mguso. Zungusha hadi uione inaingia kishimoni. Wanafunzi wakishaiona hiyo, lile badiliko moja wanalolikariri kitabuni linakuwa na mahali.

Unaweza pia kuwaambia kwamba Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kuwa himoglobini ya selimundu inasafiri tofauti na ya kawaida ikipitishiwa umeme, na Vernon Ingram ndiye aliyefuatilia hadi kwenye asidi amino moja, miaka michache baadaye, 1957. Muundo huu wa 2HBS wenyewe ni wa 1997.

Mwalimu_Ukerewe

Asante sana mwanangu. Nimeiona valini. Nitarudi na swali la lebo.

Daktari_wa_Panya

Nimesoma yote, mmefanya kazi nzuri. Lakini semeni ukweli kwamba kwa picha ya kuchapisha kwenye jarida hakuna kitazamaji cha brauza kinachofikia PyMOL au ChimeraX, programu za kusakinisha. Kwenye PyMOL unaandika ray 3150, 3150 kisha png picha.png, dpi=200, vivuli vinahesabiwa mwale kwa mwale. Kwenye ChimeraX ni save picha.png width 3150 height 3150 supersample 3 transparentBackground true. Zote mbili zinakupa amri unayoweza kuihifadhi na kuirudia mwaka ujao. PyMOL ipo ya msimbo huria, ChimeraX ni bure kwa wasio wafanyabiashara. Kwa nini tunahangaika na F12?

JiweLaBismarck

Daktari, hoja ya kurudia kazi ni nzito na nakubaliana nayo. Anayeandika tasnifu na ana mashine yake, ajifunze moja ya hizo mbili, na ahifadhi amri zake. Kuhusu vivuli pia una haki, mwale kwa mwale ni kitu kingine, hasa ukiwa na uso wa protini wenye mabonde.

Lakini tazama walioko kwenye uzi huu. Mmoja ana RAM 4 GB, mmoja ana simu kisiwani, mmoja anatumia kompyuta za chuo ambazo haruhusiwi kusakinisha kitu. Hao wote wana brauza. Tukiwaambia waanze na kusakinisha, bango halitakuwepo, au litakuwa na ile picha ya duara jekundu. Pikseli 3840 zilizochorwa kutoka kwenye atomu halisi zinatosha A0 kwa heshima zote. Na kurudia kazi, .molx inafanya sehemu kubwa.

Na hizo dpi=200 kwenye amri yako wasomaji wazielewe: haziongezi pikseli hata moja. Ni maandishi ndani ya faili ya kuiambia programu ya kuchapa ipange ukubwa gani. Brauza nyingi haziandiki hayo, ndiyo maana jarida linaweza kukujibu kuwa picha yako ni ya nukta 72 wakati ina pikseli 3840. Ifungue kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, badilisha ukubwa wa kuchapa bila kugusa pikseli, hifadhi.

Daktari_wa_Panya

Sawa, hapo tumeelewana. Niongeze la mistari: msitumie umbo la mistari myembamba kwa picha kubwa. Kwenye WebGL mstari mara nyingi una unene wa pikseli moja haijalishi umetoa ukubwa gani, kwa hiyo picha ikikua mara nne mstari unabaki unywele. Tumieni vijiti. Hivyo vina unene wa kweli kwenye tukio, vinakua pamoja na picha.

Mwalimu_Ukerewe

Nimerudi. Majina ya sehemu nayaandikia wapi? Nikiweka lebo ndani ya kitazamaji zinajificha nyuma ya utepe, na ziko kwa Kiingereza.

JiweLaBismarck

Usiziweke humo, mwalimu. Toa picha tupu yenye mandharinyuma ya uwazi, kisha andika juu yake kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, au LibreOffice Impress kama ndiyo iliyoko ofisini. Maandishi hayo hayageuki pikseli. Ukitoa PDF yanabaki makali hata ukichapa A0, na utaandika kwa Kiswahili chako. Picha yenye uwazi ihifadhi kama PNG, JPEG haina uwazi na inaacha ukungu kuzunguka kingo kali.

BandariKusini

Nakazia. Na mshale uwe mnene. Mishale ya nywele haionekani ukutani.

SatoWaZiwa

Ultra HD imekubali baada ya kufunga kila kitu na kuondoa uso wa protini. Swali la haki: tunaruhusiwa kuichapa hadharani? Hatutaki matatizo.

Daktari_wa_Panya

Mnaruhusiwa. Data za PDB zimetolewa kwa leseni ya CC0, yaani ziko wazi kwa umma, hakuna wa kuwazuia. Lakini adabu ya kazi inataka chini ya picha mwandike namba 2HBS, waliopima muundo, yaani Harrington, Adachi na Royer, 1997, na kwamba imechorwa kwa Mol*, ambayo rejea yake ni Sehnal na wenzake, 2021, kwenye Nucleic Acids Research. Fonti ndogo inatosha. Mwanafunzi mdadisi akiona 2HBS ataifungua mwenyewe kwenye simu.

SatoWaZiwa

Tutaandika yote. Tumeamua pia kuweka hiyo 2HBS kwenye msimbo wa mraba wa kuskani, mtu akisimama kwenye bango aifungue na kuizungusha.

KirumbaKwetu

Mimi niulize langu sasa. Kwetu kuna luninga kwenye ukumbi wa kusubiria wagonjwa. Naweza kupata video ya molekuli ikizunguka, badala ya picha?

JiweLaBismarck

Unaweza, na humohumo kwenye Mol*. Kwenye paneli ya kulia kuna "Export Animation". Chagua kamera izunguke, nayo inatoa MP4. Ukubwa wa video unafuata ule uliouweka kwenye paneli ya picha, kwa hiyo rudi kule kwanza uweke Full HD, 1920×1080 inatosha luninga nyingi. Usiweke Ultra HD, kila fremu inachorwa kivyake na mashine itachemka bure.

Mzunguko uwe wa polepole, sekunde kumi au zaidi kwa duru moja, ili mtu aliyekaa benchi la nyuma awahi kuiona valini kabla haijageukia upande wa pili. Weka mandharinyuma meupe au meusi kamili, kwa sababu MP4 hii haibebi uwazi. Ukishaipata, iweke kwenye flashi na uipange irudie mfululizo.

KirumbaKwetu

Imetoka mkuu. Naongeza muda wa duru, ilikuwa inakimbia.